Mechi Bila Risiti

Mkulima wa kahawa wa Mathira anajua mambo mawili kuhusu pesa za pamoja. La kwanza, akifikisha kahawa yake mbivu fakitori inapimwa mbele ya macho yake, kilo zinaandikwa kwenye kitabu, naye anapewa karatasi. La pili, baada ya hapo hajui tena. Kahawa inakobolewa na mwingine, inauzwa mnadani Nairobi na mwingine, inanywewa na mtu ambaye hatamwona maisha yake yote. Miezi ikipita anaambiwa kilo moja imeleta shilingi kadhaa, toa mbolea, toa mkopo, toa gharama za chama. Ugomvi wote wa kahawa niliousikia tangu utotoni Karatina, ukiwemo ule uliopasua chama kikubwa cha Mathira vipande vipande, ulizaliwa katikati ya hayo mambo mawili.

Naanza na kahawa kwa makusudi. Ninataka kusimulia jinsi pesa za picha za mpira, kwanza za runinga na sasa za mtandaoni, zilivyogawiwa klabu za miji ya Mlima Kenya, na kila nikijaribu kueleza kwa lugha ya wanasheria wa michezo nachoka mwenyewe kabla ya msikilizaji. Kwa lugha ya fakitori ni rahisi. Klabu zetu zimepeleka mzigo kwa miaka mingi, na mara nyingi hazikupewa hata ile karatasi ya kwanza.

Enzi ya redio haikuwa na kesi hii. Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, ilimleta Leonard Mambo Mbotela jikoni kwa kila mtu, na mzee wa Othaya angeweza kukwambia nani alikosa penalti Nairobi bila kuwahi kufika huko. Mwaka wa 1987, Gor Mahia walipotoka sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi dhidi ya Esperance wakabeba Kombe la Washindi la Afrika, nchi nzima ilikuwa imebandika sikio kwenye spika. Hakuna aliyeuliza nani alipwe. Pesa ya klabu ilikuwa mlangoni, kwa mwenye tiketi, na mtu wa Othaya hangekuwa mlangoni hata redio ikizimwa. Sauti haikumwibia mtu shabiki.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Mlima haukuwa na timu ya ukoo. Abaluhya walikuwa na yao tangu 1964, Wajaluo walikuwa na Gor tangu 1968, na timu hizo zilibebwa na watu waliozipenda kama jamaa wa nyumbani. Sisi huku timu zetu zimebebwa na biashara. Ukiziorodhesha zile zilizofika ligi kuu kutoka upande huu katika hii miaka ya picha, unapata maziwa, supamaketi, mafuta ya kupikia, na mfuko wa mfanyabiashara mmoja. (Wa Nyeri watacheka nikiita Thika mji wa Mlima. Wacha wacheke. Nyeri yenyewe haikuleta timu ligi kuu katika miaka yote ninayoisimulia hapa, kwa hivyo hatuna budi kuazima.) Timu inayobebwa na biashara haina watu elfu ishirini wa kulipa mlangoni. Kwake mgao wa picha ndio tofauti kati ya kulipa mshahara na kutolipa.

Ya maziwa ndiyo ya kwanza. Thika United ilidhaminiwa na Brookside, na ilicheza ligi kuu wakati ambao, nikiangalia nyuma, ulikuwa wa neema. Kampuni ya KPL ilikuwa imeundwa mwaka wa 2003 na wenye hisa walikuwa klabu zenyewe. Yaani ilikuwa chama cha ushirika, ila mzigo wake ulikuwa mechi badala ya kahawa. SuperSport ya Afrika Kusini ikaingia mwishoni mwa muongo huo, ikaleta magari yake ya matangazo, kamera nyingi, saa maalum za kuanza mechi, na pesa. Kampuni ilipokea, ikagawia klabu ruzuku ya kila mwezi. Timu ndogo ilipata ruzuku kama kubwa. Thika hawakuwahi kuwa mabingwa, lakini walikaa juu misimu mingi wakakuza wachezaji. Francis Kahata alipita hapo kabla ya Gor Mahia na Simba ya Dar es Salaam.

Nasema neema lakini nisipake rangi. Gari la matangazo lilipenda Nairobi. Mashabiki wa Gor walikuwa na hoja yao pia: picha inauzwa kwa sababu yetu, kwa nini tugawane sawa na timu ambayo jukwaa lake lina watu mia mbili na mbuzi? Ni hoja nzito na haijibiwi kwa kukunja uso.

Huko nje hoja hiyo imejibiwa kwa njia kadhaa. Uingereza, ligi kuu ilipoanzishwa mwaka wa 1992, pesa za runinga ya nyumbani ziligawanywa mafungu matatu. Nusu iligawiwa sawa kwa sawa, robo ikafuata nafasi kwenye jedwali, na robo ikafuata mara ambazo timu ilionyeshwa. Za nchi za nje, zikiwemo zile zinazotoka kwenye baa za Nanyuki na Kerugoya, ziligawiwa sawa kabisa hadi 2019, wakubwa walipopata nyongeza kwa nafasi zao. Hispania walichagua kila mtu ajiuzie. Real Madrid na Barcelona wakala nyama, wengine wakanywa supu, mpaka serikali ilipoingilia kwa amri ya mwaka wa 2015 na kulazimisha uuzaji wa pamoja.

Wewe mkulima wa majani chai wa Mukurwe-ini unaijua hesabu hii kuliko mchambuzi yeyote. Kila mwaka bonasi ikitangazwa, viwanda vya upande wa Mlima hulipa kilo moja bei nzuri kuliko viwanda vya ng'ambo ya Bonde la Ufa, na wa Kericho na Kisii hulalamika kwamba chai ni chai. Sisi huwajibu bila aibu kwamba chai yetu ni bora, soko limesema. Halafu jioni hiyohiyo tunakaa kudai kwamba Thika United wapate sawa na Gor Mahia. Nimewahi kulisema hili mbele ya wazee na sikupendwa. Lakini iko tofauti moja. Kiwanda cha chai kinaweza kuuza bila kiwanda jirani. Gor hawawezi kucheza peke yao. Picha ya mechi ina timu mbili ndani yake, na ukiitoa ile ndogo umebaki na mazoezi.

Waingereza wa zamani walilielewa hili mlangoni, kabla ya runinga kuwa kitu. Kwa miaka mingi timu mgeni ilipewa fungu la kiingilio cha mechi ya ligi, mpaka mwaka wa 1983 wakubwa walipofaulu kuliondoa. Tangu hapo mwenyeji anabeba vyote. Huku kwetu pia mwenyeji ndiye hubeba mlango.

Wakati Thika inapokea ruzuku, mjini Nyeri pesa ilikuwa inakwenda upande mwingine, na kwa kasi. Baa na vibanda vya video vilikuwa vinalipia mpira wa Uingereza kila mwezi. Mwaka wa 2007 kampuni ya GTV iliingia na bei ya chini, watu wakanunua ving'amuzi vyake, na Januari 2009 ikafa ghafla. Bado ninajua nyumba yenye kile kidude, kimewekwa chini ya jagi la maji. Tulirudi DStv bila kunung'unika sana. Timu inayoshika mkia Uingereza sasa hivi huondoka na zaidi ya pauni milioni 100 za runinga kwa msimu mmoja, na ndani ya hizo kuna sarafu chache zilizotoka Karatina, kwa mtu aliyelipa shilingi ishirini kuketi kwenye benchi la mbao. Yule mtu hakuwahi kulipa hata ishirini kuona timu ya kwao. Simlaumu. Hakuna aliyemwonyesha.

Kisha ushirika ukavurugika. Shirikisho la kandanda, FKF, lilitaka ligi ya timu 18. KPL ilitaka 16. Ukikaa na kalamu, timu 16 zinacheza mechi 240 kwa msimu, na 18 zinacheza 306. Hiyo ni mechi 66 zaidi za kuendesha na midomo miwili zaidi mezani, na mnunuzi hajaongeza hata senti. Kesi ikaenda kwenye Mahakama ya Michezo, ligi ya timu 18 ikapita, na Aprili 2017 SuperSport wakajitoa wakisema mkataba haukuwa wa ligi ya namna hiyo. Watu wengi walishangilia upanuzi kwa sababu ulionekana kama mlango wa timu za mashambani. Mimi naona ni siku ambayo fakitori iliongezewa wanachama na kupoteza mnunuzi mwezi uleule. Thika United walishuka daraja mwisho wa msimu wa 2018, na hawajarudi.

Msimu uliofuata Mlima ulipata timu kwa jina. Nakumatt FC, timu ya ile supamaketi iliyokuwa ikianguka duka baada ya duka, ilinusurika kushuka, ikabadilisha mwenyewe na jina, ikawa Mount Kenya United. Nakumbuka furaha ya jina hilo kwenye matatu za Nyeri. Watu walikuwa wanaisoma gazetini kana kwamba ni barua kutoka nyumbani. Lakini jina halilipi mshahara. SuperSport hawakuwapo tena, mlango haukuwa na watu, na timu ikamaliza msimu wa 2018/19 mkiani na kushuka, baada ya mechi ambazo haikufika hata uwanjani. Miezi michache baadaye, Agosti 2019, SportPesa, aliyekuwa mdhamini mkuu wa ligi, naye akaondoa udhamini wake wote nchini kwa ajili ya vita vya leseni na serikali. Ligi ikabaki inavuta pumzi.

Hapo ndipo nafasi ya kampuni ya klabu ilipokwisha. Septemba 2020 mkataba wa KPL na FKF ulifika mwisho na shirikisho likachukua ligi. Kisheria lilikuwa na mguu wa kusimamia. Kanuni za FIFA zinasema wazi kwamba mwenyewe wa kwanza wa haki zote za mashindano, picha zikiwemo, ni FIFA, mashirikisho ya mabara, na mashirikisho ya nchi, kila mmoja kwa mashindano yake. Klabu haimo kwenye hiyo orodha ya kwanza. Inapata kile inachopewa au inachokipigania.

Mikataba miwili mikubwa ikaja mwaka huohuo. BetKing kutoka Nigeria, shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano, jina la ligi. StarTimes, miaka saba, shilingi milioni 110 kwa mwaka, picha. Thika ilikuwa imerudi ligi kuu kwa mlango mwingine: Bidco United, timu ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, ilipanda msimu huo. Gawanya milioni 110 kwa timu 18 unapata kama milioni 6 kwa timu, ikiwa hakuna aliyekata chochote njiani. Ni pesa. Inaweza kuendesha basi na kulipa hoteli Mombasa mkienda kucheza na Bandari.

Lakini mwishoni mwa mwaka huo klabu nne, Gor Mahia, Ulinzi Stars, Mathare United na Zoo ya Kericho, zilisita kutia sahihi. Ilidaiwa ziridhie mkataba wa picha zao ambao hazikukaa mezani ulipoandikwa. Mathare na Zoo walisimamishwa. Mathare walirudi uwanjani baadaye katika msimu uleule.

Ninajua wasomaji watakaosema klabu hizo zilikuwa za upande wa KPL ya zamani na zilikuwa na siasa zao. Ndiyo, zilikuwa nazo. Siasa haiondoi swali. Mkulima akikataa kuweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoisoma, hata kama ni mwanachama mkorofi, bado karatasi inapaswa kusomwa. Na mikataba hii ya mpira wetu ina tabia moja: kinachotoka hadharani ni jumla ya pesa na picha ya watu wakishikana mikono, karatasi yenyewe inaingia kabatini. Kwa jumla ile huwezi kujua mnunuzi alinunua nini. Je, ni runinga peke yake au na mtandao? Je, klabu inaruhusiwa kuweka mabao yake kwenye ukurasa wake? Baada ya saa ngapi? Mashabiki walioko ng'ambo ni wa nani? Mwaka wa 2008 maswali hayo yalikuwa ya kifahari. Mwaka wa 2020, na uwanja umefungwa kwa korona, ndiyo yalikuwa mkate wenyewe.

Yaliyofuata nitayapita haraka maana yanachosha. BetKing waliondoka baada ya msimu mmoja. Novemba 2021 waziri Amina Mohamed alivunja FKF na kuweka kamati ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, ikaifungulia Novemba mwaka huo. StarTimes hawakukaribia mwaka wa saba. Bidco waliendelea kucheza kwa sababu mafuta yaliendelea kuuzwa. Naye Zoo, aliyebishana juu ya picha, alikuwa ametolewa ligi kuu mwaka wa 2021 kwa kesi ya kupanga matokeo. Hili la mwisho lina uhusiano na picha kuliko linavyoonekana. Mechi ndogo ya Kenya ina soko hata kama hakuna runinga, kwa sababu mahali fulani mbali na hapa kuna mtu anaiwekea dau akiwa anafuata kona na kadi kwenye simu. Takwimu za mechi zinauzwa. Mchezaji ambaye hajalipwa miezi minne anacheza mechi inayompa pesa kila mtu ila yeye, na anajua.

Mwaka wa 2023 yalitokea mawili. Murang'a SEAL walipanda ligi kuu pamoja na Shabana ya Kisii, na Azam wa Tanzania wakanunua picha za ligi yetu kwa miaka saba, kwa zaidi ya shilingi bilioni moja ya Kenya. Wacha tuchukue bilioni moja kamili, hesabu iwe rahisi. Kwa mwaka ni kama milioni 143, kwa timu 18 ni kama milioni 8.

Nilikwenda Murang'a, uwanja wa St. Sebastian Park, kuona mpira wa ligi kuu ukichezwa mahali ambapo naweza kurudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Uwanja ni mdogo, umeshika ukingo wa kilima kama mashamba yetu mengi, na mama mmoja alikuwa anauza mahindi ya kuchoma nyuma ya goli. Baada ya mechi kijana mmoja aliyevaa jezi ya Arsenal alinieleza safu ya ulinzi ya SEAL, mmoja mmoja, kwa majina. Nilipomuuliza alizijua wapi akasema, "Si wanaonyeshwa siku hizi, buda." Alikuwa ameziona kwa jirani mwenye king'amuzi, kisha akaja kuhakikisha. Hiyo ndiyo kazi ya picha. Watu wanaohofu kwamba itamaliza mlango wanasahau kwamba huku hakukuwa na mlango wa kumaliza.

Sasa linganisha na Azam huyohuyo kwake nyumbani. Mwaka wa 2021 alitia sahihi na shirikisho la Tanzania shilingi bilioni 225.6 za huko kwa miaka 10, ligi ya timu 16. Ukibadilisha fedha, wastani wa mwaka mmoja wa Tanzania unakaribia miaka yetu saba yote, pengine unaipita. Wakenya tukilisikia hili tunakimbilia kusema ni Simba na Yanga. Ni kweli wana uzito, na Azam anauza ving'amuzi vyake kwa sababu yao. Lakini kuna kitu kingine ambacho mimi naona kina uzito uleule: siku ya kutangaza mkataba, kila nafasi ya jedwali ilitajiwa bei yake, kuanzia bingwa hadi wa mwisho. Mweka hazina wa timu ndogo ya mkoani aliweza kukaa na kalamu kabla ya msimu kuanza. Ile karatasi ya fakitori, wenzetu walipewa.

Nyeri iko wapi katika haya yote? Uwanja wa Ruring'u, pale ambapo Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni kukabidhi silaha, uliingizwa kwenye mpango wa ukarabati wa serikali katika muongo uliopita, na kazi ikakwama kwa miaka. Timu zetu za kaunti zimecheza popote penye magoli. Hakuna gari la matangazo litakalopanda huko, na hakuna shirika litakalonunua picha za ligi ya kaunti. Ndiyo maana mtandao uliposhuka bei tuliona kama mvua.

Timu ya mtaa ambayo mimi ni mweka hazina wake ilianza kuonyeshwa na kijana mmoja, fundi wa simu. Alifunga simu kwenye nguzo ya ua kwa mpira wa baiskeli, akaweka betri ya ziada mfukoni, akaanza kupeperusha na kutangaza mwenyewe, nusu Kiswahili nusu Gĩkũyũ, matusi kidogo mwamuzi akizidi. Msimu wa kwanza hakuna aliyejali. Msimu wa pili chaneli yake ikavuka masharti ya YouTube, watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na matangazo ya biashara yakaanza kuingia katikati ya kona zetu. YouTube humwachia mwenye chaneli asilimia 55 ya pesa za matangazo hayo. Ilikuwa pesa ya chai na mandazi, lakini ilikuwa pesa, na kamati ikaamka.

"Anko," akaniambia tulipomwita, "bando ni yangu, simu ni yangu, mdomo ni wangu. Nyinyi mlileta nini?"

"Tulileta mechi."

"Mechi bila mimi ilikuwa inaonwa na nani?"

Kocha wetu alitaka timu ichukue yote. Mwenyekiti, ambaye ni mkulima, alitaka kwanza aone kitabu. Tulikuwa bado tunabishana ndipo timu tuliyokuwa tumecheza nayo Jumapili ile ikatuma ujumbe ikidai nusu, kwa sababu mabao matatu kati ya manne yaliyotazamwa sana yalikuwa yao, na yote yalikuwa kwetu sisi. Na tukiwa wakweli kwa kanuni za FIFA, wote tuliokuwa mezani tulikuwa tunagawana kitu cha shirikisho.

Tulikubaliana hivi: gharama za kijana zitoke kwanza, bando na betri, kwa risiti. Kinachobaki kiwe mafungu matatu, kijana, mwenyeji, mgeni. Sikumbuki nani alipendekeza mafungu matatu. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa pande tatu na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsukuma mwenzake.

Mwaka jana kijana alipata kazi ya ulinzi Qatar akaondoka na neno la siri. Nilimwandikia WhatsApp, akanitumia kabla ya jioni, pamoja na maelekezo marefu ya jinsi ya kufunga simu nguzoni. Nilipofungua chaneli kwa mara ya kwanza nikaona orodha ya wanaotutazama na walipo. Nyeri walikuwa wachache. Wengi walikuwa Doha, Riyadh, Dubai, na miji ya Marekani ambako watu wetu wanahudumia wazee usiku. Wanaangalia mechi ya kaunti saa za ajabu, wanaulizana kwenye maoni kama ule mti ulio nyuma ya goli ulikatwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa hatuna nauli ya kwenda Kieni. Nikaandika namba ya M-Pesa ya timu chini ya picha, katikati ya kipindi cha pili. Kufikia filimbi ya mwisho zilikuwa zimeingia pesa zaidi ya tulizowahi kukusanya uwanjani msimu mzima. Hii haikuwa pesa ya matangazo, ilikuwa michango, na kocha wetu alisema michango haigawanywi. Kamati ilikaa hadi saa nne usiku. Tuliwatumia wageni theluthi. Kesho yake mapema kocha wao akanipigia kuuliza ni theluthi ya ngapi. Nikaupiga picha ukurasa mzima wa daftari, majina na kiasi, nikamtumia.